Kusimamia Moshi

Wahenga walituambia kwamba panapofuka moshi pana moto, kisha wakajilalia makaburini mwao, wakatuachia nusu ya maneno. Moto wa nani? Hawakusema. Na huo moshi ukishapanda, ukavuka shamba la jirani, ukavuka na mto, ukaenda kukaa kule juu ambako mkono haufiki, je, bado una mwenyewe? Au ukishamtoka mtu unakuwa kama neno lililosemwa sokoni, kila mtu kalisikia na hakuna aliyelisema?

Swali hilo ndilo lililomtoa Bi Mize nyumbani kwake. Alitoka na kibuyu kwapani, na ndani ya kibuyu mlikuwa na mpunga wa mbegu, ule unaoitwa kaniki kwa sababu ganda lake ni jeusi. Ulikuwa kaniki wa mwisho. Bonde zima halikubaki na punje nyingine. Nyuma yake alifuata mke wa mwanawe, Sikudhani, amebeba mchi wa kutwangia begani kama askari abebavyo bunduki.

"Mama, tuutwange tu hapa hapa njiani," Sikudhani alisema. "Mbegu haina masikio. Haitajua kama tumeila."

"Mbegu haina, mimi ninayo."

"Na watoto wana matumbo."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuacha uje na mchi wako. Tukishinda kesi, tunapanda. Tukishindwa, nitakipasua kibuyu mwenyewe na wewe utatwanga. Lakini sitaila mbegu kabla sijaambiwa ni nani aliyelilaza shamba langu na chumvi."

Nchi yao ilikuwa nchi ya bonde, huko mto unakojigawa kama vidole vya mkono kabla ya kuingia baharini. Zamani bahari ilikuwa na adabu zake. Ilikuja mpaka mlangoni, ikapiga hodi, ikarudi. Mto ukabaki na utamu wake na majaruba yakabaki na mpunga. Kisha bahari ikaacha kupiga hodi. Ikaingia majarubani, ikalala humo, asubuhi ikaondoka bila kuaga, kama mgeni aliyekojoa kitandani. Mpunga ukageuka rangi, ukainama, ukafa na mimba yake. Watu wakasema ni kudra. Wengine wakasema bonde limelaaniwa. Bi Mize akatazama juu, akaona mbingu imevaa shuka la moshi ambalo hakuna mtu wa bonde aliyelifuma, akasema: kudra haina masizi.

*

Njia ya kwenda Nyumba ya Hukumu haikuwa na urefu wake maalumu. Kwa mwenye kushitakiwa ilikuwa fupi, anafika kabla hajavaa viatu. Kwa mwenye kudai ilirefuka kadiri alivyotembea. Mtu aliweza kuianza ana meno yote na kuimaliza anatafuna kwa ufizi. Bi Mize aliwaona wengine wakirudi, wamechoka, wanasema mlango haupo, kuna ukuta tu uliochorwa mlango. Hakuwabishia. Aliwapisha wapite, akaendelea. Maisha yake yote alikuwa amepanda mpunga, na mpunga humfundisha mtu kungoja bila kukaa bure.

Aliyewaongoza alikuwa wakili wao, Havijawa. Nitasemaje juu ya Havijawa nisionekane natia chumvi, na chumvi yenyewe imeshatuharibia? Alikuwa mtoto wa bonde. Mama yake alimzaa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu ambacho watu wa bonde hukijenga shambani wakalinde ndege na nguruwe, na maji yakija yawapitie chini. Walipoanza safari alikuwa binti mwenye mapengo, anaruka madimbwi. Njiani alikua. Kwenye daraja alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Walipofika kwenye ngazi za Nyumba ya Hukumu, nywele zake zilikuwa na mvi na mtoto hayupo, amekua, amekwenda zake. Kesi moja ilikuwa imekula umri wake wote na hakuwa amelalamika hata mara moja.

Bi Mize alimtazama jinsi mkulima anavyotazama wingu la kweli. Wako watu wanaoibeba sheria kama rungu, na wako wanaoibeba kama mwavuli wa kujifunika wenyewe. Havijawa aliibeba kama mwanamke anavyobeba mtungi wa maji kichwani: shingo imenyooka, mikono iko huru, anasalimia watu njiani, na tone halimwagiki. Mara nyingine Bi Mize alipomwangalia upande alijiona yeye mwenyewe, yule Mize wa ujana ambaye angelipewa shule zaidi ya ile kidogo aliyopata. Asijue basi ni nani anayemtetea nani, ni yeye anayetetewa na binti huyu, au ni bonde lote limejigeuza mtu mmoja likaja kujisemea.

"Shikamoo, mama," Havijawa alisema ngazini. "Umechoka?"

"Marahaba. Nimechoka, lakini uchovu nimeuacha nje. Twende."

*

Ndani, Nyumba ya Hukumu haikuwa na paa. Shuka la moshi lilionekana lote hapo juu. Mpera uliota nje ukaingiza matawi yake dirishani kama jirani mdaku. Na sakafuni palikuwa na maji. Hayakuwa mengi, yalifika kwenye vifundo vya miguu, lakini yalikuwa ya chumvi, na yalikuwa yanapanda polepole huku kila mtu akijifanya hayaoni. Karani aliyanyanyua magauni yake akaendelea kuandika. Jaji, mama mnene mwenye macho ya usingizi usiolala, aliitumbukiza miguu yake humo kama anayeikanda.

Mdaiwa alikuwa ameshakaa. Watu walimwita Mtu Asiye na Kitovu, kwa kuwa hakuzaliwa na mwanamke. Alizaliwa kwa muhuri. Siku moja watu kadhaa waliandika jina lake kwenye karatasi, muhuri ukagongwa, akaamka, akavaa suti, akaanza kumiliki. Kazi yake ilikuwa kuchota giza. Chini kabisa ya ardhi kuna giza la kale, misitu iliyozikwa kabla hajaumbwa wa kuizika. Yeye alilichota, akaliuza, likawashwa, likawa mwanga mezani na moshi mbinguni. Mwanga ulikwenda kwa waliolipia. Moshi uligawiwa bure. Naye hakufa. Akichoka alibadilisha uso, akaendelea kwa sauti ile ile. Bi Mize alihesabu nyuso mpaka akaacha.

Alikuwa amekuja na kiti chake mwenyewe. Kilikuwa na miguu mirefu, hata akaonekana anaelea juu ya watu wote, viatu vyake vikavu, vinang'aa. Bi Mize alidhani ndiyo heshima ya wenye mali, kukaa juu.

"Simama useme," karani alimwambia.

"Nitasemea hapa hapa. Kiti ni kirefu, kushuka ni taabu."

Wakamwachia. Mwenye mali huachiwa.

"Mheshimiwa Jaji," alianza, na sauti yake ilikuwa tamu, haina ugomvi. "Nampa pole huyu bibi. Nani asiyempenda bibi? Lakini mimi nashitakiwa kwa moshi, na moshi ni nini? Moshi ni kama hewa. Haushikiki, hauna alama, wa huyu umechanganyika na wa yule. Mimi nilichota giza tu. Sikuwasha hata njiti ya kibiriti. Aliyenunua ndiye aliyewasha. Tena tuseme kweli, maana hapa ni mahali pa kweli." Akainua sauti. "Ni nani humu ndani aliyewasha moto? Aliyewasha, na asimame tumwone!"

Watu wenye akili zao hunyamaza wakiulizwa hivyo. Lakini Bi Mize alikuwa mtu wa bonde, na bonde lina mila yake. Baada ya mavuno, mtu akichoma mabua shambani, hukata tawi bichi la mpera la kupigia cheche, akasimama mpakani kwa jirani mpaka moshi uishe. Haondoki, haketi. Huko ndiko kusimamia moshi. Na moto ukimponyoka mtu, jirani hupaza sauti, "Nani kawasha?" Hapo kila aliyewasha moto siku ile, hata kama ni wa kuchemshia uji wa mtoto, hutoka na tawi lake akasimama mpakani. Kukaa kitako umeulizwa ni aibu ambayo mtu wa bonde huzikwa nayo.

Ameulizwa. Akampa Sikudhani kibuyu, akaenda dirishani, akavunja tawi la mpera, akasimama katikati ya maji.

"Mimi nimewasha," alisema. "Nilichoma mabua."

Nyumba nzima ikacheka. Mtu Asiye na Kitovu alicheka kwa nyuso zake zote. "Mheshimiwa, andika! Mdai amekiri. Amekuja kutafuta mwenye moshi, kajipata mwenyewe!"

"Mama!" Sikudhani alimnong'oneza, na mnong'ono wake ulisikika hadi nje. "Keti! Umetuuza kwa bei ya mabua!"

"Nimeulizwa, mwanangu."

"Si kila ukiulizwa ni kujibu! Mimi mume wangu huniuliza mangapi?"

Bi Mize hakuketi. Alisimama na tawi lake na kicheko kikampiga usoni kama upepo wenye mchanga. Moyoni mwake maneno yalikuja vipande vipande.

Nimekosea. Hapa si bonde.

Hapa mtu akisema kweli inaandikwa ya upande mmoja tu.

Basi kibuyu kitapasuliwa. Kaniki utaingia kinuni. Utapikwa, utaliwa, watoto watashiba siku moja, na kesho bonde halitakuwa na jina.

Lakini ningekaaje? Nikae, niwe kama yeye? Mtu hujulikana kwa nini kama si kwa mahali anaposimama akiulizwa? Nikikaa ili nishinde, atakayeshinda ni nani? Si Mize. Mwingine aliyevaa khanga zangu.

Acha nisimame. Kama ni mjinga, niwe mjinga aliyesimama.

Akalishika tawi kwa mikono miwili.

*

Havijawa aliacha kicheko kijichokee chenyewe. Kisha akainuka, akavua viatu, akaingia majini, akaenda dirishani, akavunja tawi. Akaja kusimama ubavuni mwa Bi Mize.

"Na mimi nimewasha, Mheshimiwa. Taa niliyosomea sheria ilikunywa giza la huyu bwana."

Sikudhani alitazama huku, akatazama huku. Akaguna. "Haya. Mimi niliwasha moto wa uji. Tena unga wenyewe wa kuazima, na moto wa kuazima." Akatweka mchi begani, akaweka kibuyu kwapani, akachuma tawi kwa mkono uliobaki, akajipanga.

Karani akaweka kalamu chini. "Chai," alisema kwa haya. "Ya Mheshimiwa. Kila asubuhi." Akasimama.

Waliokaa benchi za nyuma wakaanza kuinuka mmoja mmoja, mwenye tanuru la mkate, mwenye pikipiki, mwenye jiko la chapati, mpaka mpera ukabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Mwisho Jaji mwenyewe aliinuka, maji yakimchuruzika miguuni. "Hiyo chai niliinywa mimi," alisema. "Nipeni tawi."

Basi wote walisimama. Nyumba ya Hukumu ikawa kijani. Na aliyebaki ameketi alikuwa mmoja.

"Mheshimiwa," Havijawa alisema, wala hakupaza sauti, "mila ya bonde ina nusu ya pili, ambayo mwenzetu hakuijua alipouliza. Waliosimama mpakani hutazamana. Kila mmoja hupima moshi wake na kuuzima. Wa mabua ni wa kimo cha mabua, wa chai ni wa kimo cha birika. Kisha huuliza, nani hakuja? Kwa sababu moto uliovuka mpaka huwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyebaki ameketi. Hatukuja hapa kumtwika mtu moshi usio wake. Wetu tunausimamia, tazama. Tumekuja kwa huu mmoja wenye kimo cha mlima."

"Sikujua!" Mtu Asiye na Kitovu alisema upesi, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mzee mpole. "Laiti ningalijua kwamba moshi utainua bahari! Nani alijua zamani zile? Mtu huhukumiwa kwa alichokijua."

"Kweli kabisa," Havijawa alisema. "Huhukumiwa kwa alichokijua." Akamsogelea, akaweka kiganja kwenye mguu wa kile kiti, akaupapasa kwenda juu kama fundi. "Kiti kizuri. Ulikiagiza lini?"

"Hiki? Cha zamani. Nilikiagiza ningali na uso wangu wa kwanza."

"Fundi ulimwambia nini?"

"Nilimwambia afanye miguu mirefu."

"Wakati huo maji yalikuwa wapi?"

"Maji yalikuwa mbali, huko ba—"

Akakunja miguu juu ya kiti. Maji yakaendelea kulamba miguu ya benchi.

Bi Mize alikuwa amekiona kiti kile tangu alipoingia na hakukiona. Alidhani ni ukubwa. Kumbe lilikuwa dungu! Na kila mtoto wa bonde anajua kwamba hakuna anayelipandisha dungu lake kwa maji asiyoyatarajia. Mtu huyu alijijengea dungu, akawaambia wengine walale chini, hakuna mafuriko. Bi Mize akamtazama Havijawa, yule aliyezaliwa juu ya miguu ya miti, akamwona tena ana mapengo, anaruka madimbwi, na machozi yakamtoka. Safari ile ndefu yote, kuzeeka kule kote, mtoto huyu alikuwa anatembea kuja kuweka kiganja mahali hapa hapa.

Mtu Asiye na Kitovu akatapatapa, akatafuta uso mwingine, akapata mmoja mgumu. "Mimi hamwezi kunisimamisha! Mila ya mpakani ni ya watu wenye miguu. Mimi si mtu. Mimi ni karatasi na muhuri."

"Ulipotaka kumiliki ardhi ulisema wewe ni mtu," Havijawa alijibu. "Ulipotaka kushitaki waliokuibia ulisema wewe ni mtu. Huna kitovu, ni kweli, lakini mama unaye. Sheria ndiyo iliyokuzaa, ikakupa jina, ikakuvisha. Na mama akiita, mtoto huitika. Hawezi kuwa mtu wakati wa kula na kuwa karatasi wakati wa kuosha vyombo."

Sikudhani alishindwa kujizuia. "Mwambie, dada! Mwambie!"

"Kimya barazani," Jaji alisema, lakini kwa upole. Akamgeukia Bi Mize. "Mama, wewe ndiye mdai. Unataka nifanye nini juu ya huyu?"

Bi Mize alifikiri. Angeweza kusema mengi, kwa kuwa na yeye alikuwa na wake aliyekufa kwa njaa, amelala huko nyumbani kwenye makaburi ya bonde. "Sitaki afe, hata hivyo hafi," alisema. "Nataka ashuke. Asimame mpakani kama mtu."

Jaji akafumba macho yale yasiyolala. Alipoyafumbua, alisema maneno ambayo bonde lilikuwa limeyangoja tangu bahari iache kupiga hodi:

"Moshi una mwenyewe. Mwenyewe ni huyu. Atashuka kwenye kiti chake, na kile kisima chake cha giza atakifunika. Atakwenda bondeni akainue kwa mikono yake tuta la kuzuia chumvi, na atasimama mpakani na tawi mpaka moshi uishe."

"Uishe lini?" Mtu Asiye na Kitovu aliuliza.

Jaji akamwonyesha mbingu kwa kidole. Naye, kwa mara ya kwanza tangu muhuri umzae, akatazama juu.

*

Alishuka. Viatu vyake vikazama, suruali ikalowa mpaka magotini, akatoa sauti ndogo ya mshangao, kama mtoto anayeogeshwa. Kumbe maji ni baridi. Akapewa tawi, akalishika kama fimbo ya kutembelea.

"Sivyo, baba," Bi Mize alimwambia, akamgeuzia. "Majani chini, shina mkononi. Hivi. Ukilishika kichwa juu utajipiga mwenyewe."

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, walikata kona moja tu wakaliona bonde. Jeupe bado kwa chumvi, kimya bado. Ushindi haukuwa umeotesha hata jani. Mtu Asiye na Kitovu alisimama mpakani na tawi lake, halafu akainama akaanza kuchimba udongo wa tuta, kwa mikono isiyojua udongo. Havijawa aliketi chini ya dungu, akavaa tena umri wake mmoja, ule wa mvi, akapitiwa na usingizi.

"Mama," Sikudhani alisema, "tupande leo?"

"Leo ardhi ingali kali. Tutapanda tuta litakapofunga."

"Na huyu akichoka? Si unamjua. Atabadilisha uso, aseme aliyehukumiwa alikuwa mwingine."

"Uso abadilishe. Tawi ni lile lile."

Bi Mize akatwaa kibuyu, akakiziba mdomo kwa nta, akakitundika juu kabisa ya dungu pasipofikwa na panya wala maji. Sikudhani alimtazama, akautazama mchi uliomchubua bega safari nzima. Kisha akateremka mpaka kwenye tuta, akamwambia yule bwana asogee, akauinua mchi kwa mikono yote, akaanza kuushindilia udongo.